Chupa za Kagunga

Nilijua.

Kwa miaka sita nimesema sikujua. Nimewaambia watahini, nimemwambia msimamizi wangu wa utafiti, nimemwambia hata mume wangu, ambaye hakuwa ameuliza. Ukweli ni kwamba nilijua tangu jioni ile niliyokaa kwenye kigoda jikoni kwa mama yangu, Ujiji, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, kabla dagaa wangu hata mmoja hajafika maabara.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili wakati huo. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Gungu, jirani na Ujiji, niliyeomba ruhusa na kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili katika baiokemia na baiolojia ya molekuli. Ungeniuliza wakati ule kwa nini, ningekujibu ni kiu ya elimu. Leo nakujibu kwamba mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye nilimzidi alama tangu chuo cha ualimu, alikuwa amerudi na shahada ya pili na kuanza kunisahihisha Kiingereza kwenye vikao. Kiu ya elimu ilikuwepo, ila haikuwa ya kwanza kwenye foleni.

Siku ya kwanza darasani, mhadhiri ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha kidato cha pili alituambia kwamba ule mchoro wa kufuli na ufunguo, unaoeleza jinsi kimeng'enya kinavyoshika kitu na kukivunja, ni mchoro wa watoto, na anayeufundisha mpaka leo awaombe radhi wanafunzi wake. Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nimeuchora ubaoni miaka kumi na minane, na ufunguo wangu niliupaka chaki nyekundu ili uonekane mpaka dawati la nyuma. Nilicheka pia. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Baiokemia ya juu ni somo la kumnyoosha mtu mzima. Protini inajikunja hivi na si vile, na ikijikunja vibaya mtu anaumwa. Wewe umekaa pale na miwani yako ya kusomea, unanakili mishale inayotoka kwenye molekuli moja kwenda nyingine, na ukirudi bwenini hujui tena mshale wa kwanza ulianzia wapi. Wenzangu waliniita Mama. Waliniachia mabegi yao niyalinde wakienda kununua chipsi, na kabla ya mtihani wa kwanza waliniomba niwaombee. Niliwaombea. Walifaulu kuliko mimi.

Aliyeniokoa alikuwa fundi sanifu wa maabara, mwanamume aliyenizidi kama miaka mitano, mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, mpole, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa rangi ya maziwa ya chai. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita Mwalimu, na chuoni hapo ni yeye peke yake aliyelitumia jina hilo bila kejeli. Nilipokuja kwake mara ya kwanza, mkono wangu ulitetemeka hata nikashindwa kuvuta tone moja kwa pipeti. Aliloweka majani ya chai kwenye kikombe cha maji, akaniambia nihamishe ile rangi tone kwa tone kutoka kikombe mpaka kwenye vichupa, na nisiache mpaka vichupa vyote vilingane. Nilihamisha chai wiki tatu. Alikuwa pia na kaunta buku lenye jalada gumu, na kila sampuli iliyoingia maabara aliiandika humo kwa mkono: imetoka wapi, imeletwa na nani, imefika katika hali gani. Kompyuta ilikuwepo. Yeye aliamini kaunta buku.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya dagaa. Msimamizi alisema kila mtu anasoma malaria, wewe umezaliwa ziwani, soma cha kwenu. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: je, dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamii moja inayozunguka ziwa zima, au kila upande una wake? Kwa wavuvi si swali la vitabuni. Dagaa wakiisha upande mmoja, ni lazima ujue kama wa upande mwingine watakuja, au ndiyo basi. Na jibu limo ndani ya vinasaba vyao. Unakata kipande cha mkia, unakiyeyusha, unatoa vinasaba, unavinakili kwenye mashine mpaka viwe vingi vya kutosha kusomwa, halafu unalinganisha samaki na samaki.

Nilihitaji dagaa wa sehemu tatu: Kagunga, kaskazini mpakani, Kibirizi, hapa mjini, na Sunuka, kusini. Kila sehemu chupa kumi, kila chupa dagaa ishirini na si zaidi, juu yake spiriti ya maabara kwa wingi, kwa kuwa spiriti ikizidiwa na samaki, vinasaba vinaoza. Sunuka nilikwenda mwenyewe. Kibirizi nilimwachia mama. Na Kagunga mama alinipatia mwenzake wa biashara, mwanamke makini, ambaye angejaza chupa zangu ufukweni na kuzituma kwa boti ya abiria mpaka Kibirizi, mama azipokee.

Sasa nieleze Kibirizi, maana bila hilo mama yangu ataonekana mjinga, na si mjinga. Ameuza dagaa pale tangu sijazaliwa. Kisado cha dagaa, kile kindoo cha kupimia, hakitoki mkononi mwa muuzaji kikiwa sawa na ukingo. Lazima kiwe na kilima juu. Ukikitoa pungufu, mnunuzi hakugombezi. Anakitazama kisado, anakutazama wewe, na majirani zako wa kulia na kushoto wanachota kwenye mabeseni yao na kukujazia, ili aibu yako isiwafikie wao. Nimemwona mama akimjazia mwanamke mmoja wa Kirundi ambaye hawakuwa wakisemeshana naye mwezi mzima. Alimjazia kilima kizuri kabisa, kisha wakaendelea kutosemeshana.

Basi jioni hiyo nilikuwa nimetoka Sunuka, mgongo unaniuma, tiketi ya basi la kesho yake imo kwenye pochi. Nilipita kwa mama kuchukua chupa zake na za Kagunga. Zilikuwa zimepangwa ndani ya boksi la sabuni, zimefunikwa kanga safi. Nilimsifia. Nikaketi, akanimiminia chai.

"Zile za Kagunga zilikuja nusu nusu," alisema, akiwa amenipa mgongo anachochea moto. "Kama zimebebwa na mtu mwenye njaa."

Nikamuuliza nusu namna gani.

"Dagaa kidogo huko chini, juu pombe tupu. Nimekujazia. Nilikuwa na wangu nimewaanika asubuhi, bado hawajakauka. Na hiyo pombe yako sijaigusa, nilivaa mifuko mikononi."

Akageuka kunitazama, labda alisubiri kushukuriwa.

"Sikutaka uende kwa maprofesa na chupa pungufu," akasema, "waseme huyu hana kwao."

Nikasema ahsante, mama.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ningeweza kuzimwaga zile chupa kumi, nikapanda boti kesho yake, nikakaa Kagunga mpaka mwezi ufifie na wavuvi warudi majini, maana dagaa huvuliwa gizani kwa taa, nikajaza upya kwa mkono wangu. Siku kumi, labda kumi na mbili. Mwajiri angenielewa, msimamizi angenielewa. Nimejitungia sababu nyingi tangu siku ile, na nyingine ni nzuri sana, kama ile ya kutotaka kumvunja moyo mama. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka, na tiketi ilikuwa kwenye pochi. Nilimaliza chai. Nilibeba boksi.

Maabara, kaka yule ndiye aliyepokea chupa, akamwaga spiriti ya zamani, akaosha samaki, akatia spiriti mpya. Jioni aliniuliza kama dagaa wa Kagunga walitoka kwenye mtumbwi moja kwa moja. Nikasema ndiyo. Baada ya siku mbili aliniuliza tena, kwa njia nyingine: nani alijaza zile chupa? Nikasema nilikuwepo. Aliitikia kwa kichwa na kuandika kitu kwenye kaunta buku. Sikuuliza anaandika nini.

Matokeo yalipotoka, dagaa wa Sunuka walikuwa kundi lao, wa Kibirizi kundi lao, na wale wa Kagunga zaidi ya nusu walikuwa sawa kabisa na wa Kibirizi, na waliobaki kundi lao. Msimamizi alifurahi. Alisema huu ni ushahidi kwamba kaskazini samaki wanachanganyika, na akanitaka niandike sura nzima juu ya mchanganyiko huo. Niliandika kurasa ishirini na tatu, zenye mikondo ya maji na pepo na ramani ya rangi. Dagaa walikuwa wamechanganyika kweli. Walichanganyikia jikoni kwa mama yangu, kwa mkono uliovaa mfuko.

Siku ya kujitetea mbele ya watahini, mmoja wao, mwanamke mkimya aliyekuwa amekaa muda wote bila kuandika, aliuliza kitu kimoja tu. Kama samaki hawa wanachanganyika ziwani, alisema, wanazaliana. Kwa nini basi sioni hata mmoja aliye katikati? Naona makundi mawili yaliyokaa chupa moja. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyeshika sampuli baada ya kutoka ziwani.

Nilijua jibu. Lilikuwa fupi, na mhusika wake alikuwa akiniombea dua Ujiji saa ile ile. Badala yake nilisema kwamba mimi sampuli zangu nazijua, ila maabara ilikuwa na shughuli nyingi kipindi kile, na siwezi kuondoa uwezekano kwamba chupa zilichanganywa wakati wa kubadilisha spiriti.

Sikumtaja mtu. Nilijishikilia kwenye hilo miaka yote: sikumtaja mtu. Lakini katika maabara ile aliyebadilisha spiriti alikuwa mmoja.

Nilifaulu kwa masharti ya kurekebisha. Sura ya kurasa ishirini na tatu niliifuta kwa mkono wangu, na mahali pake nikaweka sentensi moja, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: sampuli za Kagunga ziliondolewa kutokana na mchanganyiko uliotokea maabara. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya tasnifu yangu ambayo msimamizi hakuisahihisha hata nukta. Mwisho wa mwaka mkataba wa kaka haukuongezwa. Alikuwa kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja muda mrefu, na hakuna aliyesema kwamba ni kwa sababu ya sentensi yangu. Nilipokwenda kumuaga alikuwa amekwisha kuondoka. Koti lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango.

Nikarudi Gungu na shahada yangu. Nilipandishwa nikawa mkuu wa idara ya sayansi, na yule mwenzangu wa Kiingereza akaanza kunisalimia kwanza. Nimewafundisha watoto wa watu uaminifu katika majaribio kwa ukali ambao wao wenyewe walikuwa hawauelewi. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha nne alibuni vipimo vya jaribio la asidi na besi kwa sababu kifaa chake kilivuja. Nilimpa sifuri, nikamsimamisha mbele ya darasa, nikasema mwanasayansi anayebuni matokeo ni mwizi. Alilia. Nilikwenda ofisini nikanywa chai na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, imefunzwa vizuri na kaka.

Na mama je? Mama alifanya shahada ile kuwa ya kwake. Kibirizi kila mtu alijua kwamba mwanawe ni msomi wa dagaa, na kila mnunuzi mgeni aliambiwa. Aliniuliza mara moja tu, nilipomletea picha ya mahafali.

"Zile nilizokujazia zilitosha?"

"Zilitosha, mama."

Ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyonitafuta. Sivyo. Mwaka huu alikuja Kibirizi msichana wa chuo kikuu na boksi la chupa tupu, anaanza utafiti wa dagaa hao hao. Aliketi karibu na meza ya mama, na mama, kwa ukarimu wake, akamwelekeza. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, kwa furaha, nilipompelekea mchele siku ya Ijumaa. Alimwambia yule binti asije akajaza chupa nusu kama wa Kagunga, kwamba yeye alizijaza za mwanawe mpaka shingoni na mwanawe akapata shahada. Nikamuuliza binti alisema nini.

"Aliuliza ni mwaka gani," mama akasema. "Akaandika kwenye daftari. Ana adabu sana yule mtoto, shikamoo yake imenyooka."

Kwa hiyo ungamo langu lilikuwa limeanza bila mimi. Mama yangu alikuwa akiliungama kila asubuhi sokoni, kwa sauti, kwa majivuno, kwa yeyote anayenunua kisado.

Nilikaa siku tatu naandika barua kwa idara. Nilitaka itangulie kabla ya daftari la yule binti. Niliandika kwa Kiingereza kizuri, cha kumkomoa yule mwenzangu aliyenisahihisha. Nilieleza kwamba imegundulika, nikatumia neno hilo, kwamba sampuli za Kagunga ziliongezwa samaki wa Kibirizi na msaidizi wa ukusanyaji wa sampuli kabla ya kusafirishwa, na kwamba mfanyakazi wa maabara wa wakati huo hakuhusika, nami naomba jina lake lisafishwe. Niliisoma mara kadhaa na nikajiona mtu mwema. Nikaona ni vizuri mwenye jina naye ajue. Namba yake niliipata kwa mmoja wa wale niliowalindia mabegi, ambaye sasa anafundisha chuo.

Nilipiga Jumamosi mchana, nikiwa barazani kwangu. Iliita sana. Nilisikia kuku nyuma yake. Baadaye aliniambia kwamba anauza chanjo na vyakula vya kuku, kijijini kwao. Nilijitambulisha. Akasema, "Mwalimu," kama mtu anayesoma kibandiko kwenye chupa.

Nilimwomba radhi haraka haraka, nikamwambia kuna barua, nikamwomba nimsomee. Akasema nisome. Nikaanza kumtafsiria sentensi baada ya sentensi. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye "msaidizi wa ukusanyaji wa sampuli", nikasikia pumzi yake, na sijui kama ilikuwa kicheko.

"Huyo msaidizi ni nani?"

Nikasema ni mtu tu aliyenisaidia.

"Chupa za Kagunga zilikuwa zimejaa mpaka shingoni," akasema. "Mwanafunzi hajazi hivyo. Mama yangu amefia kwenye biashara ya dagaa, Mwalimu, najua mkono unaojaza hivyo. Na chini kulikuwa na mchanga wa kuanikia. Samaki wa mtumbwini wanatoa wapi mchanga?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuuliza mara mbili. Halafu niliandika kwenye kaunta buku: Kagunga, mchanga, zimejazwa. Idara iliponiita kunihoji nilikwenda nalo. Hakuna aliyelifungua. Sentensi yako ilikuwa imeshachapwa."

Niliiweka barua magotini. Kuku wake waliendelea kulia.

"Mama yako mzima?" akauliza.

Nikasema mzima, yuko Kibirizi.

"Basi mtoe kwenye barua. Yeye aliona chupa pungufu akajaza, ndivyo walivyo. Mara ya kwanza ulimsukumia fundi, sasa unamsukumia msaidizi. Na mimi nitoe. Jina langu halina kazi tena huko."

Nikamwambia kwamba akitoka yeye na akitoka mama, barua haina kitu ndani.

"Inacho. Kuna mtu mmoja alijua. Anzia hapo."

Nikasema sawa, nitakaa niiandike, nitamtumia aione.

"Usinitumie," akasema. "Iandike sasa hivi unisomee. Mimi nasubiri. Salio si lako?"